Mashine ya Binti na Pesa za Maziwa

Kwa muda mrefu kidole gumba cha binti yangu kilikuwa hakikosi plasta. Msomaji usidhani kwamba binti huyu alikuwa mpishi au fundi seremala. La hasha! Kazi yake ilikuwa kukata karatasi. Hapa Isiolo arusi ni nyingi, na kila arusi hudai kadi za mwaliko, majina ya maarusi ya kubandika ukutani, na vile violezo vya hina ambavyo wasichana hubandika mikononi kabla ya kupakwa ili maua yatoke sawasawa. Binti yangu aliyakata yote hayo kwa wembe na mkasi, usiku, tangu alipomaliza kidato cha nne tukakosa karo ya chuo.

Usiku mmoja, akiwa amebakisha kadi chache kati ya mia mbili zilizotakiwa asubuhi, wembe uliteleza. Damu ikaingia kwenye kadi. Hakulilia kidole, alililia kadi. Mama yake alisimama mlangoni akamtazama, kisha akaniambia maneno machache tu: "Baba watoto, pesa za maziwa zipo. Mnunulie mashine."

Sharti nikueleze pesa za maziwa ni zipi. Mke wangu ni mmoja wa wanawake wa hapa wanaouza maziwa ya ngamia, yale ambayo hupakiwa kwenye basi kila siku kwenda Eastleigh, Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 280. Alikuwa ameweka shilingi 60,000, kidogo kidogo, kwa miaka miwili. Akanikabidhi mimi nichague, kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu na eti ndiye niliyesoma.

Mashine yenyewe hukaa mezani kama printa ya kompyuta, ila mahali pa wino pana kisu kidogo chenye ncha kama ya kalamu. Karatasi hubandikwa juu ya mkeka wa plastiki wenye gundi. Magurudumu huusogeza mkeka mbele na nyuma, na kisu hukimbia kushoto na kulia, hata ua lililokuwa kwenye kompyuta likakatika mbele ya macho yako. Wengine hukatia karatasi, wengine stika za vinili, na wengine ile vinili ya kubandika kwenye fulana kwa pasi ya moto.

Nikampigia simu mpwa wangu aliyeko Nairobi. "Mjomba," akasema, "usihangaike. Nunua Cricut kubwa. Dunia nzima inatumia hiyo." Akanieleza kwamba ni mashine ya Kimarekani iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, na kwamba ile iitwayo Maker, iliyotoka mwaka 2017, ina kisu cha duara kinachokata hata kitambaa. Nilivutiwa. Mtu mzima na akili zangu, nikaanza kuhesabu pesa. Ilikuwa imebaki kubonyeza simu tu.

"Baba," binti akaniambia kwa adabu, "kabla hujatuma, naomba siku tatu."

Nilikasirika kidogo, sitaficha. Nilijiuliza, huyu mtoto anajua nini kuhusu mashine? Lakini mama yake alinikata jicho, nami nikanyamaza.

Siku ya tatu alikuja na daftari. Alikuwa ameorodhesha kila kazi aliyofanya kwa miezi mitatu: violezo vya hina, kadi, majina ya watoto kwenye chupa za maji za shule, fulana za timu ya mpira. Pembeni mwa kila kazi aliandika upana wake kwa sentimita. Wapenzi wasomaji, niliona haya. Karibu kazi zote zilitosha kwenye karatasi ya kawaida ya kuandikia. Kitambaa hakikuwamo hata mara moja. Nami nilikuwa tayari kulipia upana wa sentimita 30 na kisu cha kitambaa kwa ajili ya mtu anayekata maua ya ukubwa wa kiganja!

Chini ya orodha aliandika maswali. La kwanza: mashine itaongozwa na nini? Cricut huongozwa na programu yake iitwayo Design Space, ambayo hutaka akaunti na, kwa kazi nyingi, intaneti. Anayeishi penye intaneti ya kudumu hatasumbuka, na wengi huisifu kwa wepisi wake. Lakini sisi huku Bula Pesa hununua intaneti kwa vifurushi vya simu, na vikiisha vimeisha. Tena, Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wateja wasiolipa ada wangewekewa kikomo cha michoro 20 yao wenyewe kwa mwezi. Wateja walipiga kelele na mpango ukafutwa mwezi huo huo. Binti yangu, ambaye huchora maua yake yote kwa penseli, alisema, "Baba, hawa walifuta. Lakini nimejifunza kuuliza ufunguo wa mashine yangu uko mikononi mwa nani."

Swali la pili: umeme. Kenya tunatumia volti 240, na nchini Marekani ni 120. Ukiletewa mashine na ndugu aliyeko ng'ambo, soma maandishi madogo kwenye adapta. Ikiwa yanasema 100 hadi 240, salama. Ikiwa yanataja 120 peke yake, usiichomeke ukutani hata kwa majaribio.

Swali la tatu ndilo lililonigusa zaidi: mashine itakula nini? Kisu huwa butu. Mkeka hupoteza gundi, na kwa vumbi letu la Isiolo hauchelewi. Vinili huisha. Anayemaliza pesa zote kwa mashine ni sawa na anayenunua ng'ombe bila kufikiria malisho. Na hili, wasomaji, sisi wafugaji hatukupaswa kufundishwa na mtoto.

Mpwa wangu hakukata tamaa. Akapata Cricut Mini iliyotumika, kwa bei ya kutupa. Binti akauliza swali moja tu: "Inatumia programu gani?" Kumbe mashine ile ilitegemea programu iitwayo Craft Room, nayo ilifungwa mwaka 2018. Chuma kizima, kisu kikali, lakini hakuna wa kukiamrisha. Kwa hiyo wewe unayependa mitumba, usitosheke na kuona taa inawaka. Omba muuzaji akukatie umbo moja mbele yako, kwa kompyuta utakayoitumia wewe.

Tulibaki na mbili. Ya kwanza ilikuwa Brother ScanNCut, ya Kijapani. Hii ina skana ndani yake: unaweka mchoro wa penseli, inausoma na kuukata bila kompyuta yoyote. Kwa kazi ya binti yangu hiyo ingekuwa tamu kama asali, lakini bei tuliyotajiwa ilizidi mkoba wa mama. Ya pili ilikuwa Silhouette Portrait, ndogo, inayokata upana wa inchi 8, yaani kama sentimita 20. Programu yake huwekwa kwenye kompyuta, na ukishaiweka unaweza kuchora na kukata bila intaneti. Picha ya mchoro iliyopigwa kwa simu huingizwa humo, na programu hufuata mistari yake. Kompyuta tulikuwa nayo, ile kuukuu niliyokuwa nikijumlishia alama za wanafunzi.

Tukachukua Portrait. Pesa zilizobaki zikanunua mikeka miwili, kisu cha akiba na vinili. Binti huchora wakati wowote, maana betri ya kompyuta bado inajitahidi, na hukata umeme ukiwapo. Mkeka akimaliza kuutumia huufunika kwa plastiki yake papo hapo, na ole wake atakayeuacha wazi upepo unapovuma.

Je, mambo yalinyooka tangu siku ya kwanza? Thubutu! Kazi ya kwanza ilikuwa fulana ya timu, nami nikajitia ujuzi nikasema nitaikata mwenyewe. Vinili ya pasi hukatwa maandishi yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Mimi sikugeuza. Tulipoinua pasi, jina la mchezaji lilisomeka kinyumenyume. Mama watoto alicheka mpaka akaketi chini. Fulana hiyo naivaa mimi shambani.

Leo kidole cha binti hakina plasta. Kadi mia mbili hazimkeshi tena. Pesa za maziwa hazijarudi zote, nisikudanganye, lakini kila mwisho wa mwezi humpa mama yake kiasi, na mama huandika kwenye daftari lile lile, ukurasa unaofuata maswali.

Ndugu msomaji uliyeko mjini, pengine mwanao naye anakuomba mashine kama hii, au wewe mwanafunzi unataka kujiajiri kwa stika na kadi. Usianze kwa kuuliza ipi inayosifiwa. Andika kwanza kazi ulizonazo, upime upana wake, uhesabu umeme na intaneti ya nyumbani kwako, utenge pesa za visu na mikeka. Na ikiwa mashine si yako wewe, muulize atakayeitumia. Mimi nilifundisha miaka mingi, na bado karibu nitume pesa za mke wangu bila kumuuliza binti yangu neno moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu daftari lilitangulia, na mali ikanusurika.