Bei ya mnunuzi

Lubumbashi, Jumatatu 6 Januari 2025

Leo hisa za Kenya Airways zimerudi sokoni Nairobi. Shemeji, mume wa dada yangu, ameanza kunitumia sauti za WhatsApp kabla sijamaliza chai. Hisa hizo zilifungiwa Julai 2020, bei ikaganda kwenye shilingi 3.83, kwa sababu serikali ya Kenya ilitaka kuitaifisha kampuni. Haikuitaifisha, wala hisa hazikufunguliwa. Miaka minne na nusu mtu ana mali asiyoweza kuiuza hata akiuguliwa na mtoto.

Jumatano 8 Januari

Nimemsikiliza shemeji hadi mwisho. Alinunua 2012, kampuni ilipowauzia wenye hisa wake hisa mpya kwa shilingi 14. Kisha zikaja hasara: bilioni 25.7 mwaka 2015, bilioni 26.2 mwaka uliofuata. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, mabenki 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8. Watu kama yeye, maelfu kwa maelfu, wakasukumwa kwenye asilimia 2.8. Kwa kura hizo, mkutanoni unakwenda kunywa soda.

Hasara anaimeza, alijua biashara ya ndege ina hatari zake. Asichokimeza ni 3.83. Bunge lilipoukubali utaifishaji mwaka 2019, alianza kuogopa fidia. Halafu hisa zikafungiwa katikati ya korona, ndege zikiwa chini, akaona bei atakayotajiwa ni hiyohiyo ya siku mbaya. Na mnunuzi, serikali, ndiye mwenye hisa mkubwa, ndiye mdhamini wa madeni, ndiye mpeleka miswada bungeni. Pale soko la Kenya (mtaa wetu, si nchi ya shemeji) mtu akikufungia meza miaka yote hiyo kisha akuulize nyanya zako bei gani, watu watakuja kuamua ugomvi.

Jumapili 12 Januari

Baada ya misa nimewasimulia wazee. Mmoja akacheka: "Ye balimupa ata bei?"

Ana haki ya kucheka. Rais Mobutu alipoichukua Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, 1 Januari 1967, wenye mali walipiga kelele kutoka Brussels, na kelele zao zilisikika: mwaka 1969 kampuni mwenza wao ikakubaliwa asilimia 6 ya thamani ya madini kwa miaka 15. Mwaka 2003 ikawa zamu ya wafanyakazi wa Gécamines, mrithi wa Union Minière. Watu 10,655 waliondoka kwa ile départ volontaire, kuondoka kwa hiari, fedha zikitoka Benki ya Dunia. Mtu ambaye hajaona mshahara kwa miezi na miezi huchukua kinachowekwa mezani.

Na ndege? Air Zaïre ilifilisiwa 1995. Korongo, iliyokuwa na makao hapahapa Lubumbashi, iliruka kuanzia 2012, ikafungwa 2015. Raia hatukuwa na karatasi hata moja ya kukasirikia. Tangu Desemba kuna Air Congo, asilimia 51 za Serikali na 49 za Ethiopian Airlines. Sisi tunauziwa tiketi. Ndiyo maana hasira ya shemeji naionea wivu kidogo: aliyetajiwa bei ya kumdhulumu walau amehesabiwa kuwa na kitu. Hilo sitamwambia, atanikatia simu.

Alhamisi 27 Machi

Kenya Airways imetangaza faida ya mwaka 2024: shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11. Gawio hakuna. Shemeji anashangilia kana kwamba bilioni hizo zimepita mfukoni mwake, na dada anauliza karo ya muhula ujao itatoka wapi.

Nimemwandikia: shemeji, soko liko wazi, uza nusu. Amejibu kwamba atauza bei ikifika 14. Basi warithi wake wajiandae.