Anwani Zilihama, Barua Zikabaki

Miaka ya 2000 ilipoanza, ukiomba anwani ya barua pepe ya ofisi ya umma Tunduma uliandikiwa kwenye kikaratasi jina la karani na mwaka aliozaliwa, kisha Yahoo. Hakuna aliyeshangaa. Paswedi aliijua karani peke yake. Alikwenda intaneti kafe, akachapa barua, akaigonga mhuri na kuitia kwenye faili. Akienda likizo, barua pepe ya ofisi nayo imekwenda likizo.

Mawakala wa forodha wenye uwezo walijitegemea. Ofisi yetu, mojawapo ya hizo, ilikuwa na domeini ya Tunduma, nyingine ya Mbeya, nyingine ya Dar es Salaam, na kila moja seva yake. Ya Tunduma ilikuwa kompyuta ya kawaida chini ya meza, ikimeza vumbi la malori ya shaba yanayotoka Zambia. Umeme ukikatika tulikimbilia kuizima kabla betri haijaisha. Tuliilaani, lakini mwenye mzigo akiuliza barua ya miaka mitatu nyuma, aliipata kabla hajamaliza chai.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, na baadaye Mkongo wa Taifa ukapita kwetu kwenda kuungana na Zambia. Wakubwa wakauliza, na walikuwa na haki: seva tatu za nini? Serikali nayo ilikuwa njia hiyohiyo. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza 2012, ukaja Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, na ofisi zikaanza kuingizwa kwenye domeini ya serikali, go.tz. Mwaka 2016 mkoa wetu wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya, makao yakawa Vwawa, na vichwa vya barua vikabadilika tena. Mwaka 2019 ikatungwa Sheria ya Serikali Mtandao.

Kuhamisha seva si kazi ya ajabu, ila haitaki papara. Kuna rekodi iitwayo MX, ndiyo inayowaambia wengine barua za domeini fulani zishushwe seva gani. Seva za watu huikumbuka kwa muda uliopangwa, kwa hiyo muda huo unaupunguza siku kadhaa kabla. Usipofanya hivyo, siku ya kuhama Ndola wataandika kwenye seva mpya, Lubumbashi kwenye ile ya zamani. Seva zote mbili ziachwe hai. Masanduku yanakiliwa folda kwa folda, yanahesabiwa, na domeini ya zamani inaendelea kulipiwa, kwa kuwa bizinesi kadi za miaka iliyopita bado zimo kwenye pochi za wateja.

Kwetu makao makuu yalitaka Jumatatu kila kitu kiwe tayari. Zikahamishwa barua za mwaka mmoja tu. Nyingine, tukaambiwa, zitafuatwa baadaye. Seva ya chini ya meza ikazimwa, domeini ikaachwa ikafa. Wateja wa Lubumbashi wakadhani tumefunga biashara. Kisha forodha wakauliza nyaraka za mzigo wa zamani, nao wana haki hiyo kwa miaka mitano chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Ushahidi wetu ulikuwa kwenye diski isiyowaka tena.

Leo mambo ni mazuri, sibishi. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019, na barua inafika kabla lori halijawasha injini. Ofisi ina anwani inayobaki hata karani akistaafu. Lakini zile barua za umma zilizoandikwa Yahoo na Gmail ziko wapi? Yahoo hufuta sanduku lisilofunguliwa kwa miezi kumi na miwili. Google, tangu Desemba 2023, hufuta akaunti binafsi iliyolala miaka miwili. Kumbukumbu za mkoa mchanga zinafutwa kwa kanuni zilizoandikwa Marekani, na hakuna aliyepeleka nakala ya sanduku zima masjala.

Kama ofisi yako inaunganishwa na nyingine mwaka huu, usikubali seva ya zamani izimwe mpaka barua zote zimehesabiwa pande mbili. Na kama wewe ndiye karani yule mwenye Yahoo ya ofisi, ingia leo, pakua barua, uzikabidhi.