Pembe ya babu wa Keya

Najua nimeadimika, majaribio yalinibana na bumu lenyewe limekata siku nyingi. Jumamosi nikachomoka chuo, nikapanda bodaboda mpaka Itetemia kwa bibi mzaa mama. Nilifuata karanga, nikakuta kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Ukoo umechanga hela kulijengea kaburi la baba yake bibi, na mimi "msomi wa historia" nikapewa kazi ya kuandika maneno ya kwenye kibao. Mjomba anataka na ile pembe ichorwe.

Pembe iko kwenye beji ya kofia ya mzee, bibi anaitunza ndani ya kopo la Kimbo pamoja na vifungo. Mzee alikuwa King's African Rifles, wenyewe wakiita Keya, batalioni ya 36. Msidhani ni ya thelathini na sita kwa kuhesabu moja moja! Batalioni mama ya Tanganyika ilikuwa ya 6. Vita vya pili vilipopamba moto zikazaliwa 26, 36 na nyingine, kwa hiyo ile sita ya mwisho ndiyo inayokwambia askari katokea wapi. Mwaka 1944 walikuwa Burma, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yao kichwa cha kifaru. Waliteremka bonde la Kabaw kwenye matope na malaria mpaka mji wa Kalewa ukatekwa mwanzoni mwa Desemba. Jina hilo Kalewa ndilo ilikuja kupewa kambi ya jeshi hapa Tabora, ambako askari waliasi Januari 1964. Siku hizi kambi ya hapa inaitwa Milambo. (Wazee wa Itetemia wanaguna, maana Milambo alipigana na Unyanyembe miaka na miaka, na ikulu ya Unyanyembe ndiyo iko hapa. Nisiendelee.)

Kitambaa cha kifaru kililiwa na mchwa, pembe ikabaki. Bibi alivyofundishwa na baba yake, ile ni baragumu, pembe ya tandala aliyoipuliza kirangozi wa msafara, Wanyamwezi wakiondoka Tabora kwenda Bagamoyo na meno ya ndovu mabegani. Mzee alisema wamevaa hiyo kwa sababu wao ni watoto wa wapagazi.

Sasa tatizo nimesoma. Pembe ile ni alama ya vikosi vya bunduki vya Uingereza. Askari wao walipigana wametawanyika, ngoma ikawa haifai, amri zikapigwa kwa pembe. Keya, iliyoundwa mwaka 1902, ikairithi, hata waliotoka Nyasaland na Uganda waliivaa hiyo hiyo. Hakuna tandala hapo wala kirangozi.

Usiku sikupata usingizi. Karibuni naenda mazoezi ya kufundisha, nitasimama mbele ya watoto niwafundishe majeshi ya mkoloni, halafu nianze na uongo kwenye kaburi la kwetu? Lakini huyu mtu alipelekwa kwenye vita vya mfalme asiyemjua, akajitafutia mwenyewe sababu ya kuivaa ile kofia. Na mimi kitukuu chake nimnyang'anye?

Asubuhi nikamwambia bibi. Akasikiliza huku anapepeta mchele.

"Mume wangu, hao Wazungu pembe yao ya kwanza waliitengeneza kwa nini?"

"Pembe ya ng'ombe, bibi. Hata jina lake kwao linatokana na ng'ombe."

Akacheka kidogo, kisha akanyamaza muda mrefu.

"Baba hakusema ameambiwa na Mzungu. Alisema yeye."

Basi nikaandika: Askari wa Keya, batalioni ya 36. Burma 1944. Pembe hii aliiita baragumu.

Mjomba akaja juu, kwa sababu fundi anatoza kwa herufi. Akataka tufute "aliiita", ibaki "pembe hii baragumu" tu, si inaeleweka? Nikamwambia shikamoo mjomba, futa hata Burma, lakini hilo neno sikuachii. Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho Burma imebaki na "aliiita" imebaki, ila tofauti ya hela nimelipa mimi, ile nauli ya kurudia. Nimetembea mpaka mjini na karanga zangu kichwani.