Kuruhusiwa Si Kupona

Katika wodi zetu hakuna neno linalopendwa kama "kuruhusiwa". Ndugu hulipokea kwa vigelegele, jirani huja na kuku, na mgonjwa hujiona amekwisha kuvuka mto. Mimi niliyeongoza chuo cha ualimu kwa miaka mingi nalifananisha na siku mwanachuo anapopelekwa mazoezi ya kufundisha. Hajahitimu bado, na mkufunzi hana budi kumfuata hukohuko shuleni.

Nilipasuliwa moyo nikiwa na miaka 72, jijini Dar es Salaam. Wengi walionitangulia walilazimika kungoja safari ya India. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Upasuaji wangu ulikwenda vema, lakini mapafu yalileta ukaidi, nikakaa siku 19 katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Watu hudhani aliyelala muda wote huo amepumzika. Sivyo. Misuli isiyotumika hunyauka upesi, hata ile ya kuvutia pumzi. Figo huelemewa, usingizi huvurugika. Nilitoka siwezi kunyanyua birika la chai. Ndiyo maana aliyekaa humo muda mrefu huwa karibu zaidi na kulazwa tena kuliko yule wa siku mbili.

Siku ya kumi na moja nyumbani, mke wangu aliniambia, "Baba Neema, kandambili zimekubana." Akafungua daftari alimoandika uzito wangu kila asubuhi kabla ya chai. Kilo tatu zilikuwa zimeongezeka kwa siku tatu, ingawa chakula nilikuwa nakionja tu. Hayo yalikuwa maji. Asubuhi ileile tukarudi hospitali, nikalazwa siku sita nikichomwa sindano za kuyatoa.

Sindano hazikuniuma kama mnong'ono wa mtaani: "Mwalimu amerudishwa." Wapo waliomwuliza mwanangu kama nitazikwa mjini au kijijini. Na mnong'ono huo unaua. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikaa nyumbani na homa, kidonda cha kifua kikitoa usaha, akiogopa kuambiwa amerudishwa. Alipoletwa, sumu ilikwisha kuenea katika damu. Hakutoka tena.

Ndugu msomaji, kurudi wodini mapema si kufeli. Ni sawa na mwanachuo anayemwita mkufunzi kabla darasa halijamshinda. Mwenye mgonjwa wa namna hii awe na mzani, daftari na nauli ya akiba. Uzito ukizidi kilo mbili kwa siku tatu, miguu ikivimba, pumzi ikikata mgonjwa alalapo chali, moyo ukienda mbio, homa ikipanda au kidonda kikitoa majimaji, asingoje tarehe ya kliniki. Aende siku hiyohiyo.

Nasi majirani tusimpokee aliyerudi wodini kwa nyuso za matanga. Tumpe pole, tumsaidie nauli, tumwulize dawa zake kama hazijaisha. Na yule mwenye kuku, amlete tu, ila chumvi aiache kwake.