Mbita, mahali ambapo majani yanalinda mahindi



Kutoka hapa Nakivale mpaka Mbita ni mbali. Unalala Kampala, unavuka mpaka Busia, unapita Kisumu, halafu Luanda Kotieno unapanda feri. Upande wa pili ndiyo Mbita, mji mdogo wa Kenya kwenye Ziwa Victoria, ziwa lilelile la Entebbe. Kando ya barabara dagaa wameanikwa juu ya nyavu, wenyeji wanawaita omena. Ukivuka daraja uko kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Lakini sisi wanne wa kikundi cha wakulima hatukufuata kaburi. Tulifuata mahindi.

Mbita kuna kituo cha icipe, taasisi ya kuchunguza wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya. Huko, miaka ya 1990, Zeyaur Khan na wenzake walitengeneza njia ya kulima inayoitwa sukuma-vuta.

Mama mmoja alituzungusha shambani kwake. Katikati ya mistari ya mahindi amepanda desmodiamu. Ni ndugu ya maharagwe, ila watu hawaili, inatambaa chini kama viazi vitamu. Kuzunguka shamba kuna mistari mitatu ya majani ya tembo, yaani nepia. Sasa sikilizeni. Nondo anayezaa viwavi wa kutoboa mashina hapendi harufu ya desmodiamu, anakimbia. Huko nje anakuta nepia, anaipenda kuliko mahindi, anataga. Viwavi wakitotoka na kuanza kutoboa, nepia inatoa utomvu wa kunata, wengi wanafia humo. Hakuna aliyepuliza dawa! Sisi tunajua zile dawa za sokoni zinazopimwa kwenye chupa ya soda, hazina karatasi ya maelezo, na chupa yenyewe baadaye mtoto anachotea maji.

Na kiduha je? Lile gugu la maua ya zambarau linanyonya mizizi ya mahindi, na mbegu zake zinakaa ardhini zaidi ya miaka kumi. Mizizi ya desmodiamu inaiamsha mbegu ya kiduha, halafu inaizuia isishike mahindi, basi inakufa njaa. Wachunguzi hawakulitafuta hilo. Walikuwa wanafuata viwavi, kumbe kiduha nacho kinapungua. Juu ya hayo desmodiamu inavuta naitrojeni hewani na kuitia kwenye udongo, kwa hiyo mbolea ya dukani inahitajika kidogo.

Hata viwavijeshi vamizi, waliofika Afrika mwaka 2016 wakatumalizia mahindi, hawastawi humo. Uchunguzi wa mwaka 2018 kwa wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania ulikuta wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Si kazi rahisi. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana, inachanganywa na mchanga ndiyo imwagike sawasawa. Msimu wa kwanza inafanana na magugu, unapalilia kwa vidole umeinama. Msimu huo faida huioni sana. Ila ikishashika, inadumu miaka bila kupandwa tena.

Hiyo miaka ndiyo ilitukalia moyoni. Mwenzetu mmoja aliuliza: "Mama, sisi ni wakimbizi, plot si yetu. Tupande kitu cha miaka mitano, na kesho hatuijui?" Mama akasema hata kwao anayekodi shamba hapandi, maana akishaliponya, mwenyewe analichukua. Hakutudanganya, nami nilimpenda kwa hilo. Halafu akaongeza: "Lakini mbuzi wako utaondoka naye." Nepia na desmodiamu zote ni chakula cha mifugo, zinakatwa na kuchipua tena.

Njiani tulibishana mpaka Busia. Mwisho tulikubaliana kuanza na kipande kimoja kwenye shamba la kikundi, pamoja na wenye mbuzi au sungura. Hatukubeba kitu, mimea haivuki mpaka bila kibali. Lakini mashariki ya Uganda, upande wa Tororo, wako wakulima wanaolima hivi, na mashina ya desmodiamu yakikatwa yanachipua kama ya viazi. Baba mwenyekiti atakwenda huko kabla ya mvua za Septemba. Anayetaka mashina aandikishe jina kwake, aseme ana mbuzi wangapi.