Morogoro, Mji wa Bendi Mbili

Ukitoka Mombasa kwa basi kwenda Morogoro, huna haja ya kufika Dar es Salaam. Unashuka Chalinze, unavuka barabara, unadandia gari la kuelekea bara. Hayo nilielekezwa na kondakta, kijana wa Tanga, aliponiuliza nafuata nini Morogoro nami nikamjibu kwamba nafuata muziki.

"Muziki Morogoro, kaka?" akacheka. "Muziki uko Dar."

Nikamwambia ule wa zamani, wa kina Mbaraka. Hapo kicheko kikamwisha. "Ah, huo sawa," akasema, akaenda zake kukusanya pasipoti.

Nimekulia katika mji uliomuua Mbaraka Mwinshehe. Sisemi kwa ubaya: Januari 1979 alipata ajali ya gari huku kwetu Mombasa, akafa akiwa na miaka 34, na wazee wa mtaani petu mpaka leo wanaisimulia ajali ile utadhani walikuwa gari la nyuma. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Nyimbo zake nimezikuta tu, kama nilivyoikuta Ngome ya Yesu.

Tulipovuka mpaka wa Horohoro, kondakta akachomoa flashi ya Bongo Fleva iliyotusindikiza tangu Likoni, akachomeka nyingine. Gitaa moja likatangulia, la pili likaingia kwa chini, tumba zikapokea. Watu hawakuacha kuzungumza, ila sauti zilishuka. Mama mmoja aliyekuwa akimbembeleza mtoto akaanza kumpigapiga mgongoni kwa mdundo uleule. Msichana wa sekondari mbele yangu, vipokea sauti vikining'inia shingoni, alikuwa akiitikia kiitikio neno kwa neno. Nikamuuliza kajifunzia wapi.

"Baba anaziweka kila Jumapili akiosha gari," alisema. "Zamani nilikuwa nazichukia."

"Na sasa?"

"Sasa nikiwa bweni ndizo zinanikumbusha nyumbani."

Tanga tulisimama kiasi cha kunywa chai, na nilisikitika, maana mji ule peke yake unastahili safari. Huko ndiko kwa Jamhuri Jazz na kwa Atomic Jazz na mtindo wao wa Kiweke. Miaka ile ya sitini bendi isiyo na mtindo haikuhesabiwa. Western Jazz ya Dar ilikuwa na Saboso, NUTA Jazz ilikuwa na Msondo, Morogoro Jazz ilikuwa na Sululu na Likembe. Mtindo ulikuwa mdundo, uchezaji na bendera kwa pamoja. Ukimwona mtu anavyoingia ukumbini ulijua ni mpenzi wa nani.

Baada ya Segera nikalala. Niliamshwa Chalinze na wachuuzi wakigonga dirisha, nikabadili gari, na baada ya muda Milima ya Uluguru ikasimama mbele yetu, mikubwa kuliko nilivyoichora kichwani, mawingu yameikalia mabegani. Gari likatushusha stendi ya Msamvu.

Kwa nini Morogoro, mji wa ndani usio na bandari wala ikulu, ukazaa muziki kiasi kile? Jibu lilikuwa njiani: mkonge na reli. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1907, na mashamba ya mkonge yakaleta vibarua kutoka kila pembe, kila mmoja na lugha ya kwao. Mwisho wa mwezi walikuwa na mshahara mfukoni na hamu ya kujisahaulisha kazi. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na dansi ndilo lililowakalisha pamoja bila kuulizana kabila. Juu ya hayo zilikuwepo santuri za GV, muziki wa Kuba uliotolewa upya na kampuni ya HMV kuanzia miaka ya thelathini na kuenea Afrika nzima. Salum Abdallah, mtoto wa mjini hapa, alizipenda santuri hizo hata bendi yake akaiita Cuban Marimba. Upande wa pili walikuwepo Morogoro Jazz, wakongwe walioanza mwaka 1944, ambao katikati ya miaka ya sitini walimpokea mpiga gitaa kijana aitwaye Mbaraka.

Bendi mbili kubwa katika mji ambao wakati huo ungeuzunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Nilitaka kumsikia mtu aliyeyaona, na mwenye nyumba ya wageni akanipeleka kwa jirani yake, mzee aliyestaafu reli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka Mombasa kuja kuniuliza habari za dansi? Huna kazi?"

Ila aliniwekea kiti. Akaniambia Jumamosi mtu alikuwa hachagui bendi moja. Alianza huku, wanamuziki wakipumzika anakwenda kule, na asiporudi, wanamuziki walijua wameshindwa. Wakati mwingine, alisema, bendi ilituma mtoto akachungulie ukumbi wa wenzao umejaa kiasi gani. Wimbo usiowanyanyua watu vitini ulipigwa wiki mbili, ya tatu ukazikwa.

"Nyinyi mnasikia zile zilizobaki," aliniambia, akikaza kidole kwenye mkono wa kiti. "Sisi tulisikia na zile mbovu."

Sentensi hiyo ilinilipa nauli. Tumezoea kusema ya kale ni dhahabu, kana kwamba uzee peke yake unatosha. Nyimbo nyingi za miaka ya sitini zimekufa, na nyingine ni haki yake. Zilizobaki ni zile zilizopita kwenye chujio la wachezaji, watu waliochoka, waliolipa kiingilio, na wenye ukumbi wa pili wa kuhamia. Msanii wa leo anaweza kununua matangazo. Salum Abdallah alikuwa na usiku mmoja na mpinzani ng'ambo ya barabara.

Asubuhi yake, karibu na Msamvu, nilimkuta kijana mwenye kompyuta na spika mbili anayewajazia watu nyimbo kwenye flashi. Hakufika miaka ishirini na mitano. Kwenye kompyuta alikuwa na folda iliyoandikwa Zilipendwa, na ndani yake vurugu tupu: nyimbo za Cuban Marimba zimepewa jina la Morogoro Jazz, wimbo mmoja uko mara nne kwa majina manne. Wateja wake wa folda hiyo, alisema, ni madereva wa malori, washereheshaji wa harusi na vijana wa bodaboda. Zile za kusifu chama na viongozi hakuna anayeziulizia. Wanaulizia za mapenzi, za madeni na za shida. Idi ikikaribia wanaulizia ule wa Cuban Marimba wa kupeana mkono wa Idi, ambao redio nazo huutoa kila mwezi ukiandama.

Nikamwomba anipigie Shida. Wimbo huo ni wa miaka ya sabini, Mbaraka alipokuwa ameshaondoka kuunda Super Volcano, lakini vidole vile vilifundishwa hapa. Kijana akainamia spika, akanionyesha jambo kwa mkono: "Sikiliza hapa, kaka, wanapoacha kuimba." Ndipo lilipoanza chemko. Sauti zikanyamaza, gitaa la solo likachukua usukani, gitaa la kati likabaki palepale likirudia mzunguko wake bila haraka, saksofoni zikajibu. Yeye hupenda sehemu hiyo tu, alisema. Maneno humsikilizia mama yake. Hajui kwamba sahani ndogo za santuri zilikuwa haziutoshi wimbo mzima, ikabidi ukatwe sehemu ya kwanza na ya pili, na msikilizaji ainuke kugeuza sahani ili alipate chemko. Kwake wimbo ni mmoja.

Na ni bahati kwamba upo. Miaka ile bendi ilikusanyika chumba kimoja, maikrofoni chache, ikapiga wimbo wote kwa mkupuo. Akikosea mmoja mnarudia wote. Sehemu kubwa ya kazi hizo ilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye tepu, nyingine na kampuni za Nairobi. Isingekuwa tepu zile, kijana wa Msamvu asingekuwa na cha kuchanganya majina.

Watu hunung'unika kwamba vijana wamezisahau hizi nyimbo. Sikuona hivyo. Mwaka 2017 Diamond Platnumz na wenzake wa Wasafi walitoa wimbo walioupa jina la Zilipendwa, na Morogoro hiihii imemtoa Afande Sele, ambaye mashairi yake ya rapu yanaonya na kulalamika kama walivyofanya wakubwa zake wenye magitaa. Waliozembea ni sisi watu wazima. Salum Abdallah alikufa mwaka 1965, kwa ajali ya gari vilevile, hajafikisha arobaini, na ningetaka kila mtoto wa shule wa Morogoro alijue jina lake kama anavyoujua mlima unaomtazama. Wengi niliowauliza mitaani walijua wimbo, hawakujua ni wa nani.

Basi, ndugu msomaji, kama una santuri au kanda ya bendi hizi uvunguni, itoe kabla mchwa hawajaimaliza, ikanakiliwe, na uandike majina sawasawa: mwimbaji nani, solo nani, mwaka gani. Na usingoje kila kitu kiwe kumbukumbu. Cuban Marimba na Morogoro Jazz hazipo tena, lakini NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 ndiyo Msondo Ngoma ya leo, na bado inapiga Dar es Salaam. Kiingilio kinalipwa mlangoni.