Shavu Langu Lilipokufa Ganzi

Wadau, samahani kwa ukimya wa wiki tatu. Sikuwa safarini, nilikuwa nauguza uso.

Ilianza kama mzaha. Naamka asubuhi shavu la kushoto linauma, sikio linavuma. Nikadhani ni gego. Siku ya nne, nikiwa chumba cha habari, shavu likafa ganzi. Nikaogopa, maana mzee wangu alipigwa na kiharusi na kwake kilianzia usoni. Nikakimbilia kioo cha chooni: nikatabasamu, nikainua mikono yote miwili, nikasoma kichwa cha habari kwa sauti. Vyote sawa. (Ila wewe ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, usijipime kama mimi. Kimbia hospitali.)

Zahanati ya kwanza walitaka kuning'oa jino. Jino zima kabisa! Foleni ilikuwa ndefu, nikaondoka.

Daktari wa meno wa pili alinipitisha pamba mashavuni kupima hisia, kisha akaweka vidole mbele ya masikio yangu. "Panua mdomo." Ka! Kumbe ni kiungo cha taya, pale taya la chini linaposhikana na fuvu. Ndani yake kuna kisahani cha gegedu. Kikisogea, au misuli ya kutafunia ikichoka, maumivu husambaa sikioni, kichwani hadi shingoni, na wengine huhisi ganzi. Mwaka 1934 daktari wa Marekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa walioumwa masikio, kumbe shida ilikuwa taya.

"Unasaga meno usiku?" Nitajuaje, nalala peke yangu. "Na mchana, ukiwa kazini?" Nikashtuka: hata pale kitini nilikuwa nimeyabana! Tangu wenzangu wawili wapunguzwe kazi, naandika kurasa za watu watatu na sisemi kitu. Nilidhani hasira naimeza, kumbe naitafuna.

Hakuna kisu. Ni uji, mtori, kitambaa cha moto shavuni, na kuaga bigijii, miwa na mahindi ya kuchoma. Ganzi imekwisha, maumivu yamebaki kidogo.

Jumatatu namwona mhariri. Safari hii mdomo nitaufungua.

Na wewe unayesoma hapa, hebu jiangalie: meno yako yamebanana?